git reset --hard inafuta nini na inaacha nini?



Wengi wetu siku hizi tunahifadhi misamiati na hati tulizonakili kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Basi kuna amri moja yafaa tuijue vizuri, maana inaweza kuondoka na kazi ya wiki nzima: git reset --hard.

Maandishi yako yanaweza kuwa mahali patatu: kwenye folda unamofanyia kazi, kwenye sehemu ya kusubiri, ukishapiga git add (Git huiita faharasa, jina ambalo mie silipendi, nitasema "mezani"), na kwenye historia, ukishapiga git commit. git reset --soft inarudisha historia tu. git reset tupu inasafisha na meza pia. Hizo mbili hazigusi folda. --hard ndiyo inayoigusa.

Sasa tuseme una mafaili mawili mapya kabisa. utenzi.txt umelipigia git add, maelezo.txt hukulifanyia lolote. Ukipiga git reset --hard, lipi litapona? Wengi watasema utenzi.txt, kwa kuwa limeshapokewa. La! Hilo ndilo linalofutwa. Git inalijua, inaitazama komiti ya mwisho, hailikuti humo, inaliondoa. maelezo.txt hailijui, inalipita tu, isipokuwa kama komiti unayoirudia ina faili la jina hilo hilo, hapo litafunikwa. Amri ya kufuta mafaili kama hayo ni git clean -f, nayo itangulizie git clean -n ikuonyeshe kwanza inachotaka kufuta.

Lakini utenzi.txt halijapotea kabisa. git add ilikwisha kutia yaliyomo ndani ya .git. Piga git fsck --lost-found, kisha tazama .git/lost-found/other. Maandishi utayakuta, ila jina halipo, pana tarakimu na herufi nyingi tu, itabidi ufungue moja moja. Usikawie: kwa kawaida vitu visivyo na mwenyewe Git huviacha wiki 2, baadaye huweza kuvifagia.

Yasiyorudi ni masahihisho uliyoyatia kwenye faili la zamani bila kupiga git add. --hard inayafuta, na ndani ya .git hayakuwahi kuandikwa. Kwa hiyo kabla ya --hard mie hupiga git stash -u, ambayo inaweka kando masahihisho hayo pamoja na mafaili mapya yasiyojulikana.