Umeme Si Kikwazo cha Barua Pepe ya Nyumbani

Wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara, ziliwahi kujengewa mtandao wao wa kasi, Serengeti Broadband Network, kwa ajili ya hospitali, shule na ofisi za umma. Ilikuwa kazi ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm, na ilitumia faiba ya shirika la umeme, TANESCO. Waliouanzisha waliamini kwamba watu wa vijijini wanaweza kuendesha mtandao wao wenyewe. Nami naamini hivyo, na ningependa tuanze na barua pepe: je, mwalimu wa Tarime, katika mkoa huohuo, anaweza kuhifadhi barua zake katika seva iliyo nyumbani kwake?

Wengi watajibu kwamba umeme hautamruhusu. Si kweli. Utaratibu wa SMTP, ambao seva hutumia kutumiana barua pepe, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, haudai kwamba mpokeaji awe hewani muda wote. Seva inayotuma ikikuta ya mpokeaji imezimwa, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Kanuni za sasa zinaitaka ivumilie siku 4 hadi 5. Umeme ukikatika Mugumu usiku kucha, ukirudi asubuhi barua zitaingia.

Kikwazo ni anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti. Anayetumia rauta ya laini ya simu, awe Sirari au Nyamongo, kwa kawaida hana anwani yake peke yake: anachangia moja na wateja wengine, na hakuna wa nje anayeweza kumfikia moja kwa moja. Mwenye faiba huenda akapewa anwani ya hadharani, lakini inaweza kubadilika wakati wowote. Huyu kupokea anaweza, kwani programu ndogo hurekebisha rekodi za kikoa chake (jina lake la intaneti) kila anwani inapobadilika. Kutuma ndiko kugumu. Spamhaus ina orodha iitwayo PBL ya anwani za majumbani, na seva nyingi duniani huiangalia kabla ya kupokea barua. Sababu ipo, maana kompyuta za majumbani zilizoshikwa na virusi zimesambaza barua taka nyingi mno. Nayo Google, tangu Februari 2024, inataka anwani ya IP ya anayetuma kwa Gmail iwe na jina linalolingana nayo. Jina hilo huwekwa na mtoa huduma. Mteja hana uwezo nalo.

Njia inayofaa ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya kudumu, Dar es Salaam au ng'ambo, na kuiunganisha na ya nyumbani kwa WireGuard, programu inayojenga njia ya siri kati ya mashine mbili kupitia intaneti. Kwa kuwa mashine ya Tarime ndiyo inayoanzisha mawasiliano, anwani yake ibadilike mara ngapi, haidhuru. Seva ya kukodi hupokea na kupitisha tu. Barua zenyewe hukaa Tarime.

Hata hivyo, kodi hiyo ya kila mwezi ni mzigo usio wa lazima. Anwani ya kudumu huuzwa kama bidhaa ya makampuni, kana kwamba nyumba ya mwalimu haina jambo la kuhifadhi. Watoa huduma wamuuzie anwani hiyo pamoja na jina lake, kwa bei ambayo mshahara wake unaibeba.