Theluji Juu ya Kibo

Paukwa! Pakawa! Lakini leo hapana Sungura wala Fisi, wanangu. Haya ni ya kweli, na yanaanzia hapa hapa Kilwa.

Mwaka 1860 Mjerumani Carl Claus von der Decken aliondoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Safari ikamshinda, akarudi pwani, baadaye akaelekea Kilimanjaro. Mwaka 1862 yeye na Otto Kersten waliupanda mlima mpaka wakapita mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Habari zilipofika Uingereza, msomi mmoja, William Desborough Cooley, aliyeandika mengi juu ya bara hili bila kufika huku, alikataa katakata. Jua la utosini na theluji, vitakaaje pamoja?

Nanyi mna haki ya kuuliza, maana hapa kwetu Kilwa Kivinje joto halituachi hata usiku. Jibu ni urefu wa mlima. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kilele cha Kibo, juu ya Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Basi huku ufukweni ikiwa nyuzi 25, toeni 35: kule ni 10 chini ya sifuri. Mawingu ya masika, yaliyobeba mvuke wa bahari yetu hii hii, yakifika huko hayamwagi mvua. Yanamwaga theluji.

Sasa kupanda kwenyewe. Waongozaji hukuamsha karibu saa sita ya usiku, nawe umelala na masweta yako yote. Kwa nini usiku? Usiku baridi huzigandisha changarawe za mteremko, mguu ukapata pa kushika. Jua likipanda zinalegea: unapiga hatua moja, unarudi nusu. Basi mnafuatana mstari mmoja gizani, kila mtu na taa yake kichwani, macho kwenye visigino vya aliye mbele. Maji yanaganda ndani ya chupa. Kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya hewa unayoipata hapa pwani, kwa hiyo kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, na waongozaji hawachoki kusema: pole pole. Wanajua wanachosema. Anayeukimbilia mlima ndiye anayeshushwa mgonjwa.

Na katika waliopanda, mimi nampenda Luteni Alexander Nyirenda. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, huku watu wakisherehekea uhuru Dar es Salaam, yeye alikuwa juu ya Kibo akisimika mwenge na bendera ya Tanganyika. Ndipo kilele kikaitwa Uhuru. Kabla ya hapo kilikuwa na jina la Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, alilokipa Mjerumani Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889. Kaisari yule yule ambaye serikali yake ilimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, mwaka 1895, hapa hapa mjini kwetu, mwembeni.