Kiti cha BOM Sigor: mnachaguliwa au mnateuliwa?

UZI. Siasa ikianza kupata joto Chepalungu, kuna swali halikosi mkutanoni: "Hawa watu wa BOM nani aliwachagua?" Mheshimiwa analiuliza akiwa juu ya gari, watu wanapiga makofi, gari linaondoka. Jibu halijatoka. Wacha tulitafute hapa.

Kwanza tuelewane, nazungumzia Sigor ya Bomet, wadi ya Sigor. Wale wa Sigor ya Pokot Magharibi kaeni tu, sheria ni ile ile.

BOM ni Bodi ya Usimamizi ya shule. Iliundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ikachukua nafasi ya zile bodi za magavana wa shule ambazo wazee bado wanaziita BOG. Kifungu cha 56 ndicho kinasema nani anakaa pale. Chukueni kalamu.

Wazazi au jamii: 6. Mfadhili wa shule, ambaye kwa upande wetu mara nyingi ni kanisa: 3. Walimu: 1. Bodi ya Elimu ya Kaunti: 1. Makundi maalum ya jamii: 1. Watu wenye mahitaji maalum: 1. Jumla 13. Mwakilishi wa wanafunzi anaingia pia, lakini kwa wadhifa wake tu. Prinsipo ndiye katibu. Bodi ikitaka inaweza kuongeza wengine wasiozidi watatu.

Sasa angalieni hiyo hesabu tena. 6 kati ya 13. Mzazi, ambaye ndiye analipa na ndiye mwenye mtoto, hana wingi kwenye bodi ya shule ya mtoto wake. Afrika Kusini sheria yao ya shule ya 1996 inataka wazazi wawe wengi kuliko wengine wote wenye kura, na uchaguzi wao unafanyika nchi nzima msimu mmoja kila miaka mitatu, mpaka redio zinatangaza. Kwetu muhula ni miaka mitatu pia. Lakini ni nani hapa alishawahi kusikia tangazo?

Turudi kwa swali la mheshimiwa. Sheria inasema wale sita "wanachaguliwa". Sheria hiyo hiyo, mstari wa juu yake, inasema wajumbe wote "wanateuliwa" na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kwa hivyo ukiskia watu wawili wanabishana kwa simu, mmoja anasema ni uchaguzi na mwingine anasema ni uteuzi, wote wako sawa. Wazazi wanapiga kura, majina yanapelekwa, halafu barua inatoka ofisini. Kati ya kura na barua kuna safari, na ni kwenye hiyo safari ndiyo majina hubadilika. Sisemi yamebadilika kwa shule fulani. Nasema nafasi ya kubadilika iko hapo, siyo kwingine.

Na jambo lingine ambalo wengi hukosea: hiyo Bodi ya Elimu ya Kaunti, licha ya jina, siyo ya gavana. Ni chombo cha upande wa serikali ya kitaifa. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. MCA akikuahidi atabadilisha BOM ya sekondari, muulize kwa kifungu gani.

Halafu kuna lile neno dogo: "au jamii". Kwa shule za sekondari za kiwango cha kaunti, wale sita wanaweza kuwakilisha wazazi au jamii ya pale. Hilo neno ndilo linaingiza mtu ambaye hana mtoto hapo shuleni. Wakati mwingine ni mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamheshimu, na shule inanufaika. Wakati mwingine ni mtu wa mkono wa mwanasiasa, na mtoto wake anasoma Nairobi. Sheria haitofautishi hao wawili. Ni nyinyi mnaotofautisha, kama mko kwenye mkutano.

Kama mko. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua mfano wa mama wa Sigor, ni mfano tu, simsemi mtu. Ana mtoto kidato cha tatu, amerudishwa nyumbani karo mara mbili muhula huu. Anataka kujua pesa ya kuni na mahindi inaendaje. Akiongea kwa mkutano wa kanisa watu wananyamaza kumsikiliza. Mtu kama huyo ndiye angefaa kiti. Lakini kiti hakianzi siku ya mkutano mkuu wa wazazi. Kinaanza kwenye kikao cha darasa, ambapo kila darasa linatoa mwakilishi wake kwa kamati ya chama cha wazazi. Kikao hicho huitwa asubuhi, siku ya kazi, na tangazo limebebwa na mtoto kwenye karatasi ambayo imebaki mfukoni mwa sare. Mama yuko na maziwa ya kupeleka, au yuko kwa majani anachuma. Wanafika wazazi wachache. Mmoja anapendekezwa, mwingine anaunga mkono, imeisha. Miezi baadaye wakati BOM inajazwa, wanaojulikana na prinsipo na wenzao ni wale wawakilishi wa madarasa. Yeye mama anafika mkutano mkuu akiwa na hotuba nzuri na hana mtu wa kupendekeza jina lake.

Kwa hivyo anayetaka kiti aanze na darasa. Simu kwa wazazi wenzake kumi, wakubaliane kufika, mmoja apendekeze na mwingine aunge. Hiyo ndiyo kampeni yote. Hakuna mabango, na hakuna haja ya kununulia mtu soda. Na mshahara? Haupo. Ukiona mtu anatumia pesa nyingi kutafuta kiti kisicho na mshahara, una haki ya kujiuliza.

Kuhusu kupiga kura yenyewe: shule nyingi bado ni kuinua mkono. Mnaokumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 mnajua shida ya kura inayoonekana. Hapa mzazi anainua mkono mbele ya prinsipo ambaye anajua ana deni la karo kiasi gani. Wazazi wakiomba karatasi na sanduku wasionekane wakorofi. Karatasi za daftari zinatosha.

Sasa kwa nini tunagombania kiti ambacho hakina mshahara? Kwa sababu ya kazi zake. BOM inapokea pesa za shule na kuzitolea hesabu. Inaajiri mpishi, mlinzi, karani, na wale walimu wa BOM ambao TSC haijawaajiri. Inasikiza kesi za nidhamu za wanafunzi, yaani kama mtoto wako atarudi au hatarudi. Na mipango ya michango ya ziada inapitia pale kabla haijakufikia.

Kwa pesa, tuchukue hesabu ya karatasi. Serikali imeweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 300 hiyo ni shilingi 6,673,200. Siyo yote inafika kwa akaunti ya shule, kuna inayokatwa juu, na inayofika huja kwa vipande na mara nyingi imechelewa. Hapo ndipo bodi inabanwa: mwenye duka la mahindi anadai, mpishi anadai, na muhula umefika katikati. Bodi legevu inaamua jambo rahisi, watoto watumwe nyumbani. Watu wa majani wanaambiwa wangoje bonasi ya Oktoba, kana kwamba kidato cha tatu kinangoja Oktoba.

Lakini Kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu malipo mengine kwa idhini ya Waziri pekee, na kinasema mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu ya kushindwa kuyalipa. Mjumbe anayejua hicho kifungu anaweza kukisoma kwa sauti kwenye kikao na kiandikwe kwenye kumbukumbu. Asiyekijua anapiga muhuri tu.

Mambo mawili ambayo BOM haiwezi, maana hapa siasa huwadanganya watu sana. Haiwezi kumhamisha prinsipo. Huyo ni wa TSC. Wale wanaofunga geti wakisema "tunataka mtoto wetu aongoze hii shule" wanapoteza siku za masomo kwa jambo ambalo bodi haina mamlaka nalo. Pili, mfadhili hamiliki bodi. Kanisa lina viti 3, lina kazi ya malezi ya kiroho na kusaidia shule, na linatakiwa kuheshimu watoto wa dhehebu lingine. Shule nyingi zetu zisingekuwepo bila makanisa, hilo lisemwe wazi. Lakini 3 ni 3.

Rudini kwa ile 6 kati ya 13. Wazazi sita wakishikana wanahitaji kura moja tu zaidi. Ile ya mwalimu, au ya mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalum, ambaye kwa bahati mbaya bodi nyingi humchukulia kama wa kujaza fomu. Wazazi sita ambao hawaongei kabla ya kikao ni kura sita zilizotawanyika. Na mjumbe ambaye yeye mwenyewe anauzia shule maharagwe, huyo sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inamtaka atangaze maslahi yake na akae kando.

Kama bodi yenu imejazwa na hamjui ilijazwaje, msingoje mheshimiwa aje kuuliza juu ya gari. Shule ya umma ni ofisi ya umma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba kumbukumbu za mkutano uliowachagua na orodha ya majina yaliyopelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Wana siku 21 kukujibu. Andika nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, uende nayo nyumbani.

Uzi ujao ni basari: ya kaunti ni ipi, ya NG-CDF ni ipi, na kwa nini jina moja linatokea kwa zote mbili. Wenye maswali ya BOM wekeni hapa chini, msitaje jina la mtu.