Fort Jesus: Ngome Iliyogeuzwa Gereza

Mtu akifungwa, tunasema ametiwa gerezani. Wanaisimu hulihusisha neno hilo na "igreja", neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Huku mwambao, gereza lilikuwa pia jina la ngome; Kilwa Kisiwani ngome kongwe ingali inaitwa Gereza. Fort Jesus ya Mombasa imezipitia maana zote tatu: ngome yenye kanisa ndani, kisha jela.

Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, aliyetawala pia Ureno. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan. Wasanifu wa Italia wa enzi ile waliamini kwamba jengo jema hufuata ulinganifu wa mwili wa binadamu, na ngome hii ukiitazama kutoka juu hufanana na mtu aliyelala. Pembeni zimechomoza buruji. Adui aliyeufikia ukuta alipigwa kutoka buruji ya jirani, asipate pa kujificha.

Hata hivyo, kuta pekee hazikutosha. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo Chingulia, aliwageuka Wareno na kuiteka ngome. Waomani nao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na waliokuwa ndani wakamalizwa na njaa na maradhi.

Mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela. Vibanda vya askari vilibomolewa, vikajengwa vyumba vya wafungwa. Ukuta uliomzuia adui kuingia sasa ulimzuia mfungwa kutoka. Hali hiyo ilidumu miaka 63. Mwaka 1958 ngome ilitangazwa turathi ya taifa, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa fedha za ukarabati, na mwanaakiolojia James Kirkman akaichimbua. Makumbusho yalifunguliwa 1962. UNESCO ikaiorodhesha 2011.

Walimu wa Mata mnaoteremka na wanafunzi hadi Mombasa kupitia Mwatate na Voi, msiishie kwenye mizinga na Wareno. Waonyesheni watoto kwamba ndani ya kuta hizo, kwa zaidi ya nusu karne, walifungwa watu chini ya sheria za kikoloni. Miaka hiyo ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, na haistahili kurukwa.