Mvua, Moshi na Shamba
Kumlinda Mzee Nyumbani: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilimtazama mzee anayehamishiwa mjini kwa mwanawe, na maudhi madogo madogo ya kuishi kwenye nyumba ambayo si yake. Leo safari ni ya Usukumani, na maudhi ya huko si madogo. Kwa miongo kadhaa, kumlinda mama mzee katika vijiji vya Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani kumekuwa na maana moja ya msingi: alale, na aamke hajakatwa mapanga.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Hesabu hiyo ilitokana na uchunguzi wa serikali yenyewe, na baadaye ikachambuliwa na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi waliouawa walikuwa wanawake, na sehemu kubwa walikuwa wa Usukumani. Anayedhani mambo hayo yalikwisha zamani asome ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013, iliyotaja watu 765 kwa mwaka huo mmoja.

Mjini Dar es Salaam maelezo huwa mepesi: ushirikina, ujinga, elimu duni. Maelezo hayo yana raha yake, kwa kuwa yanamwacha msemaji nje ya lawama. Lakini hayajibu swali dogo. Imani ya uchawi ipo karibu nchi nzima, na wanaoiamini wamo hata wenye shahada. Kwa nini basi panga limfuate bibi mjane wa miaka 65, tena mwaka huu na si mwaka jana?

Wa kulijibu aanzie jikoni. Jiko la bibi wa kijijini huko mara nyingi ni kibanda cha udongo chenye mlango mmoja, bila dirisha. Mafiga matatu, chungu juu. Kuni ziko mbali, kwa hiyo kinachowashwa ni mabua, vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Mavi ya ng'ombe hayana moto wa kusema yamewaka. Yanafuka, na moshi wake mzito unashuka kutoka darini hadi usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa. Bibi anainama, anapuliza, anafuta macho kwa ncha ya khanga, anapuliza tena. Kazi hiyo ameianza akiwa binti. Ongeza vikope ambavyo havikutibiwa na mtoto wa jicho anayekuja na umri, na macho yanabaki mekundu asubuhi hadi jioni. Macho mekundu ya bibi, Usukumani, ni alama ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua tafsiri yake: mchawi.

Moshi huo una historia. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikafuata, kisha mifugo ikaongezeka, mpaka mkoa ukapewa jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliowarudisha watu kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho na miti ya akiba. Mamia ya maelfu ya hekta zikarudi kuwa kijani. Mradi ule ulisifiwa hadi nje ya nchi kwa ajili ya udongo, malisho na asali. Macho ya bibi hayakuwemo katika orodha ya sifa, ingawa mzigo wa kuni ukipatikana karibu na nyumba, aliyenufaika wa kwanza ni yule anayepuliza moto.

Macho mekundu peke yake, hata hivyo, hayaui mtu. Huonekana miaka na miaka bila neno. Ili yageuke ushahidi, lazima kwanza litokee baya: mtoto amekufa kwa homa, ng'ombe wameanguka, mahindi yamekauka yakiwa yamechanua.

Hapo familia huenda kwa mfumu, yaani mganga. Njia ya kale ya kupiga ramli kwa Wasukuma ni ya kifaranga: mate ya mteja yanatiwa mdomoni mwa ndege, ndege anapasuliwa, kisha mfumu anasoma alama zilizomo ndani, damu hapa, mfupa pale. Mganga mwenye busara anaishia kwenye dawa na tambiko. Yule anayeitwa na polisi mpiga ramli chonganishi anakwenda hatua moja zaidi. Naye ana akili ya kutosha kutotaja jina. Anasema tu ni mtu wa karibu, ni mwanamke, ana umri, nyumba yake iko upande fulani wa mji wenu. Jina wanalimalizia wateja wenyewe njiani wakirudi. Mara nyingi walikuwa nalo kabla hawajatoka nyumbani.

Mchumi Edward Miguel alichukua suala hili na kulipima Meatu, wilaya iliyokuwa Shinyanga na sasa iko Simiyu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2005, yanastahili kubandikwa katika kila ofisi ya mtendaji wa kijiji. Miaka ambayo mvua ilipungua au kuzidi kupita kiasi, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka mara mbili. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na waliohusika walikuwa ndugu zao.

Ndugu. Wala si majambazi wa kupita, wala si kijiji kizima kilichopandwa na wazimu. Chakula kimepungua, midomo ni ile ile, na kuna mmoja anayekula bila kulima. Hakuna mtoto wa mtu atakayetamka hivyo hata moyoni mwake. Lugha ya uchawi inamsaidia asitamke: kitendo ambacho angekionea aibu kinageuka kuwa kujikinga.

Hapo ndipo shamba linapoingia. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ni maneno matamu, na bila shaka walioyaandika walikuwa wakifikiria mama mwenye wana sita wenye adabu. Je, asiye na mtoto? Aliyezaa mabinti watupu, nao wakaolewa mbali? Aliyezaa mwana mmoja, mwana huyo akafa, akamwachia wajukuu? Huyo anaketi juu ya ekari kadhaa ambazo shemeji zake wanaziona ni zao, na kinachozichelewesha kufika mikononi mwao ni pumzi yake.

Wajane wawili wa Kisukuma waliipeleka kanuni hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba si kazi ya mahakama kubadili mila kwa hukumu. Shauri lilifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona haki za wajane hao zimevunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe au ifute kanuni hizo. Mashauri ya namna hiyo hutajwa kwenye semina za haki za wanawake. Yalistahili kutajwa pia pale polisi wanapochunguza kifo cha bibi, kwa sababu swali la kwanza la kuuliza ni jepesi: shamba lake sasa linalimwa na nani?

Kilifi, pwani ya Kenya, hadithi ni hiyo hiyo, ila imegeuka jinsia. Kwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda wanaoandamwa ni zaidi wanaume, na alama si macho bali mvi. Wapo wazee waliopaka nywele rangi nyeusi kwa ajili ya usalama wao tu. Ardhi ya mababu hubaki kwa jina la baba, bila kugawanywa, huku bei ya viwanja ikipanda, na vijana wasio na kazi wanahesabu. Ganze kuna kituo, Kaya Godoma, kinachowahifadhi wazee waliokimbia miji yao wenyewe. Ni wema mkubwa. Lakini mzee aliyehifadhiwa huko amekwisha kuliacha shamba, na aliyemtishia amepata alichotaka bila kumwaga damu.

Kasoro kama hiyo imo hata katika sheria. Sheria ya Uchawi Tanzania, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayedaiwa kufanya uchawi akaishi mahali pengine. Nia ilikuwa amani. Anayefunga virago ni bibi.

Mikutano ya hadhara ina kazi yake, na wapiga ramli chonganishi wakamatwe. Hata hivyo, ushahidi wa Meatu unaelekeza mahali pengine kabisa, ambapo hapapendezi katika hotuba: mpe mzee kipato. Miguel anautaja mfano wa kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako mauaji ya wanaoitwa wachawi yalipungua sana pensheni ya wazee ilipowafikia watu wengi zaidi kuanzia miaka ya 1990. Mama anayeingiza fedha kila mwezi ni mama ambaye jamaa zake wanamwombea uzima kwa dhati.

Zanzibar ililielewa jambo hili mapema kuliko jirani zake. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani au mkulima wa mwani, anapata Pensheni Jamii kutoka katika bajeti ya serikali. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye kufika 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kuwafungulia mpango wa Inua Jamii wote wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, ina dirisha la wazee hospitalini, na ina TASAF kwa kaya maskini. Pensheni ya kila mzee haijawa nayo. Bibi wa Meatu anapata ruzuku ikiwa kaya yake imeorodheshwa, na si kwa sababu ya umri wake.

Fedha nazo zinataka ulinzi. Siku hizi malipo yanaingia kwenye simu. Bibi haoni vizuri herufi, anamkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri, mjukuu anarudi na pungufu na maelezo marefu ya makato. Wana walioko mjini wanaweza kulimaliza hilo kwa njia isiyo na ugomvi: laini iandikishwe kwa jina la mama mwenyewe, fedha zitolewe kwa wakala yule yule kila mara, na mmoja wao apige simu siku ya malipo azungumze na mama, si na mwenye kushika simu.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Shirika la MAPERECE la Magu, mkoani Mwanza, limekuwa miaka mingi likiwasaidia wazee kujenga majiko yanayopunguza moshi na kukarabati nyumba zao, pamoja na kuwapa msaada wa kisheria. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu hakuna fedha ya mradi inayotumika vizuri kuliko hiyo. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi linamwondolea bibi alama usoni. Matone na upasuaji wa mtoto wa jicho vinamalizia. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani unampa dakika za kupiga yowe, na jirani aliyeelezwa mapema anajua yowe hilo ni la nini.

Shamba lenyewe lilindwe mume angali hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu cheti cha hakimiliki ya kimila kuandikwa kwa majina ya wote wawili, mume na mke. Wanaume wengi huandikisha moja kwa mazoea, na mtendaji anaandika anachoambiwa. Kisha kuna wosia. Kwa kanuni zile zile za 1963, ambazo safari hii zinasaidia, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Asiyejua kusoma anahitaji wanne: wawili wa ukoo na wawili wa nje. Hao wa nje wasichaguliwe ovyo. Mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati, shehe au katekista anafaa kuliko rafiki wa kilabuni, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa siku ya mgogoro. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 husaidia kuuandaa. Baba akikataa kuandika kwa kuogopa kwamba ni kujiitia kifo, kama wengi wanavyodhani, aanze na cheti cha shamba. Hicho hakimtajii mtu kufa, na jina la mke wake likishaingia humo, shemeji atakayelitaka shamba itabidi aende barazani kulidai mchana.

Sehemu ya tatu itahusu wazee wanaopoteza kumbukumbu, ambao nao huangukia mikononi mwa wapiga ramli.