Maji ya Kiloleli hayachemki kwa nyuzi 100

Juma lililopita nilikuwa Kiloleli, mkoani Simiyu, nyumbani kwa mdogo wangu. Binti yake yuko darasa la saba, na kila jioni, akishateka maji, huketi chini ya mwembe na wenzake watatu wakijikumbusha masomo ya sayansi. Mmoja huuliza, wengine huitikia kwa sauti moja kama wanaimba. "Maji huchemka kwa nyuzi ngapi?" "Mia moja!" "Huganda kwa nyuzi ngapi?" "Sifuri!" "Mbegu huhitaji nini ili iote?" "Maji, hewa na joto!" Mmoja akaongeza "na udongo", wenzake wakamzomea. Walikuwa na haki, ingawa kuzomea si lazima. Weka choroko juu ya pamba iliyoloweshwa, na pamba kule haikosekani, nazo zitaota bila chembe ya udongo.

Nilikaa nikiwasikiliza kwa raha, maana mimi mwenyewe nimefundisha sayansi shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Lakini lile jibu la kwanza lilinikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Nikiwa mwalimu kijana, katika shule moja ya Usukuma ambayo sitaitaja, tulipata kipimajoto kimoja. Nilichemsha maji kwenye sufuria, nikawapanga wanafunzi kwa zamu, kila mmoja asome na kuandika. Wote waliandika 100, isipokuwa mvulana mmoja mkimya wa dawati la nyuma. Yeye aliandika 96. Nikamwekea alama ya kosa, tena nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kusoma kipimajoto. Hakubisha. Enzi zile mtoto hakubishana na mwalimu.

Shule ilipofungwa nilichemsha maji peke yangu, nikatazama. Nyuzi 96. Nikasema kifaa hiki kibovu, nikaazima kingine. Nyuzi 96. Ndipo nilipotambua kwamba katika darasa zima ni yule kijana mmoja tu aliyetazama kipimajoto. Wengine, pamoja na mwalimu wao, tulitazama daftari. Muhula mpya ulipoanza, wazazi wake walikuwa wamehama, na hadi leo sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Sasa, msije mkadhani kitabu kinadanganya. Kitabu kinasema kwamba maji safi huchemka kwa nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Sisi tunaishika namba na kuyatupa yale maneno manne ya mwisho. Na maneno hayo manne ndiyo yenye sayansi yenyewe.

Hewa ina uzito. Hatuusikii kwa sababu tumezaliwa ndani yake, lakini hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu inatukandamiza, na inayakandamiza pia maji yaliyomo sufuriani. Mkandamizo huo vitabu vya shule huuita kanieneo ya hewa. Maji yakipata moto, mapovu ya mvuke hujaribu kuumbika ndani yake, lakini hewa ya juu inayabana yasipanuke. Joto likizidi, nguvu ya mvuke huongezeka, hadi inapolingana na mkandamizo wa hewa. Hapo mapovu hufumka na maji hutokota. Huko ndiko kuchemka.

Ukiwa Dar es Salaam, ufukweni, una hewa yote juu yako, na maji yanahitaji nyuzi 100 kuishinda. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa unaiacha chini yako, iliyobaki juu ni pungufu, na mvuke unaishinda mapema. Kwa kukadiria, kila mita 300 unazopanda hupunguza karibu nyuzi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na sisi wa Simiyu tuko juu kuliko ziwa. Piga hesabu utaona ile 96 ya kijana wangu inatoka wapi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji hutokota kwenye nyuzi 80 hivi, na mpishi anayechemsha maharage huko atazeeka jikoni.

Niliposimulia haya pale chini ya mwembe, mama wa nyumba aliyekuwa akipepeta mtama alishtuka: "Shemeji, kumbe maji tunayochemsha hayaui vijidudu?" Swali zuri, na jibu lake ni kwamba yanaua. Vijidudu vya kipindupindu na kuhara havihitaji nyuzi 100 ili vife. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha. Wanaoishi juu ya mita 2,000 ndio wanaoshauriwa kuyaacha dakika tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulikosa, na akina mama hulilipia kwa kuni. Maji yakishaanza kuchemka, hata ukisukuma magogo matatu zaidi jikoni, nyuzi haziongezeki. Joto lote la ziada linatumika kugeuza maji kuwa mvuke, mvuke unaondoka, na sufuria inakauka upesi. Maharage hayaivi haraka kwa sababu moto unavuma. Funika sufuria, punguza kuni, acha itokote taratibu. Katika nchi ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulilazimika kuanzishwa mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ili miti na ngitili virudi, hili si jambo la mtihani peke yake.

Yule binti akaniuliza, "Baba mkubwa, je, mwalimu akikataa?" Nikamweleza habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo, akaharakisha, akayaweka yakiwa moto. Alipofungua akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, na wenzake wakamcheka. Siku moja akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamuuliza swali lile lile. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni na kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linajulikana dunia nzima kwa jina la Mpemba.

Lakini nikamwonya asilikariri kwa namna ile ile ya mia moja. Maji moto hayagandi kwanza kila mara. Wapo waliopima wakaona hivyo, wapo waliopima wasione, na wanasayansi bado wanabishana ni katika hali gani hasa jambo hilo hutokea.

Hali gani. Hilo ndilo neno ninalotaka mwanafunzi wa darasa la sita au la saba alitie katika kila jibu analojikumbusha. Chukua mtungi. Wote wanajua maji ya mtungi ni baridi, na wote wanajua kuitikia "uvukizi". Ukiwauliza kwa nini mwezi wa nane maji yake yanaburudisha na masika hayapoi sana, wananyamaza. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo. Maji hupenya humo, hufika nje, hugeuka mvuke, na yanapoondoka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Kiangazi hewa ni kavu, inameza mvuke kwa pupa. Masika hewa imeshashiba, haina nafasi, na maji hayatoki.

Bibi zao wanaijua sayansi hiyo bila kuitaja. Viazi vya michembe hukatwa vipande vyembamba ili sehemu kubwa iguswe na jua na upepo, huanikwa wakati wa kiangazi, wala hakuna anayevianika mvua zikinyesha. Mwanafunzi akiiangalia michembe juu ya mwamba, ana mambo yote yanayoharakisha uvukizi mbele ya macho yake, yaani joto, upepo, ukavu wa hewa na ukubwa wa eneo.

"Sasa kwenye mtihani niandike ngapi?" binti aliuliza, na sikumlaumu, maana mtihani hauna mwembe. Nilimjibu kwamba asome swali mpaka mwisho. Likitaja usawa wa bahari, ni 100. Lisipotaja kitu, msahihishaji anangojea 100, ampe. Wakimuuliza mahali palipoinuka, ajue namba inashuka, na aweze kusema kwa nini.

Nilipoondoka niliwaachia kipimajoto changu. Jana nimepata ujumbe kwenye simu ya baba yake. Wamepima maji ya mtungi, nyuzi 22. Ya ndoo ya plastiki iliyokaa kivuli hicho hicho, nyuzi 27. Anataka kujua masika itakuwaje. Nimemjibu kwamba sijapima, na kwamba mwezi wa nne nangojea namba zake.