Sonona: Namna ya Kuwaeleza Jamaa

Kitenzi kusononeka kina maana ya kuumia moyo kwa huzuni. Kutokana na asili hiyo wataalamu wa afya wamepata neno sonona, yaani ugonjwa unaomwondolea mtu furaha na nguvu. Huzuni ya kawaida hufuata tukio fulani, na aghalabu hupungua siku zinavyopita. Sonona hudumu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Mgonjwa hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na ulaji wake hubadilika, fikira huwa nzito, na hujiona hana thamani. Urithi, misiba, maradhi ya muda mrefu, ukata na mabadiliko katika utendaji wa ubongo huchangia. Ugonjwa huu si uvivu.

Kwa nini basi ni vigumu kuwaeleza jamaa? Sababu ya kwanza ni lugha. Mtu asemapo "nina mawazo", msikilizaji hudhani anafikiria kodi ya nyumba au karo. Wengine hulalamikia kichwa na mapigo ya moyo tu, nao hupewa dawa ya maumivu. Sababu ya pili ni makazi. Katika sehemu kama Mbagala na Tandika wilayani Temeke, au Tandale na Mwananyamala wilayani Kinondoni, jamaa wengi hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye ukumbi wa katikati, na neno lisemwalo chumba hiki husikika cha pili. Ya tatu ni hofu ya kuitwa kichaa. Hata jina la hospitali ya Mirembe, iliyoko Dodoma, watu wameligeuza kuwa kejeli.

Utafiti unatupa mwanga. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu orodha ya maswali 25 iitwayo Hopkins miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Orodha hiyo ilionekana kufaa kuwatambua wenye dalili za sonona. Maswali ya namna hiyo hutaja dalili mojamoja, na mtu hujibu imemsumbua kwa kiasi gani.

Mgonjwa naye aweza kufuata njia hiyo. Amchague mtu mmoja mwenye kutunza siri, na wazungumze mahali pasipo masikio mengi, kwa mfano njiani kwenda kituo cha basi. Ataje dalili, muda, na msaada anaoutaka: "Shangazi, tangu mwezi uliopita naamka saa tisa usiku na sipati tena usingizi. Nikifungua kitabu sielewi nisomacho. Naomba unisindikize zahanati Jumatatu." Maneno kama hayo humwonyesha shangazi kwamba huu ni ugonjwa, na humpa kazi ya kufanya.

Msikilizaji hana budi kusikiliza kwanza. "Jikaze" na "wenzako wana shida kuliko wewe" ni maneno yanayomfunga mgonjwa kinywa. Faraja ya dini ni njema, lakini isichukue nafasi ya matibabu. Mgonjwa akidokeza kwamba heri afe, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, sumu na dawa ziwekwe mbali, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Sonona hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo jamaa wamsaidie mgonjwa asiziache mapema. Huko Harare, Zimbabwe, akina bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi benchini katika viwanja vya zahanati. Majaribio ya watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mwalimu anaweza kuanzia darasani. Mwanafunzi hodari aliyenyamaza ghafla, anayesinzia na kuacha michezo, aitwe kando na kuulizwa kwa upole, kabla ya kuandikiwa adhabu ya utoro.